Kimondo kikubwa kikikatiza angani: acha simu mfukoni, anza kuhesabu

Ilikuwa baada ya Isha, nipo Mikindani nimesimama nje kwa shangazi yangu, kiangazi, anga safi haina hata wingu, mara naona mabati ya jirani yamegeuka kijani. Sio taa ya gari, sio radi. Kivuli changu mwenyewe kikatokea ukutani mbele yangu kikaanza kutembea kama vile kuna mtu anapita nyuma yangu na karabai, na mimi nikafanya kile ambacho nahisi wengi mngefanya, nikakimbilia ndani kuchomoa simu kwenye chaji. Natoka nje hakuna kitu, giza tu na mbwa wanabweka. Inaniuma mpaka leo kwasababu kile kilikuwa kimondo kikubwa kweli kweli na mimi nilikiona kwenye ukuta na mabati tu, sikugeuka.

Baada ya pale nikaanza kufuatilia haya mambo, nikasoma, nikazunguka kuuliza watu, nikajua kumbe hata ukipitwa bado kuna namna ya kukusanya ushahidi ukakaa vizuri. Naandika kwa ajili ya watu wa Mtwara na Lindi kwasababu huku kwetu macho ya watu ndo kamera. Tuna wavuvi wa dagaa wanakesha baharini siku za giza, tuna walinzi wa maghala ya korosho, tuna bodaboda, tuna mama zetu wanauza barabarani mpaka usiku, watu wanaona sana tu. Shida ni kwamba kesho yake kila mtu anasema "kimeangukia pale nyuma ya mikorosho" na habari inaishia hapo.

Hapa siongelei vile vimondo vidogo vya kawaida, mstari mwembamba unapita umeisha, hivyo ukikaa nje usiku wenye giza utaviona kadhaa. Naongelea kile kinachong'aa kuliko Zuhura, ile nyota kubwa ya jioni au ya alfajiri, na vingine vinafikia mwanga wa mwezi au zaidi. Na wala haihitaji mwamba kama ile milima ya mawe ya Masasi, kijiwe cha ukubwa wa bibo tu kinatosha, kwasababu kinaingia kwa spidi ya kilomita 11 mpaka 72 kwa sekunde moja, hewa ya mbele yake inabanwa inapata joto kali na lile jiwe linaanza kuyeyuka na kung'aa. Chukua kilomita 20 kwa sekunde, kwa spidi hiyo Mtwara mpaka Dar kwa mstari ulionyooka ni sekunde 20. Kinaanza kuwaka kikiwa kama kilomita 100 juu, na hata vile vikubwa vinavyoshuka sana huwa vinazimika kwenye kilomita 30 au 20 juu, na ndege za abiria zinapita kilomita 10 mpaka 12. Hizi namba zishike, tutazirudia.

Sasa kikitokea, simama palepale ulipo. Usikimbie, usigeuke kumuita mtu, usiingize mkono mfukoni. Vingi vinadumu sekunde mbili mpaka tano, na mpaka ufungue kamera na kunyanyua simu kimeshaisha, utapata video ya giza na sauti yako mwenyewe ukisema "jamani jamani". Tumia macho. Sisi wengi tumekulia madrasa na tukiona kimondo ulimi unasema Subhanallah wenyewe, sema, haizuii kitu, ila macho yabaki juu. Angalia kimeanzia wapi na kimeishia wapi, na uvishike hivyo viwili kwa vitu vya chini: kimeanzia juu ya mnara wa simu, kimeishia kushoto kwa mnazi wa kwa fulani. Kama umekosa mwanzo usijali, shika mwisho, mwisho ndo wenye thamani kubwa kwasababu ndo unaosema kama kuna jiwe limebaki na limeelekea upande gani.

Kikizimika tu anza kuhesabu sekunde. Hapa ndipo karibu wote tunapoharibu, tunaanza kupiga kelele na kupigiana simu. Hesabu kimoyomoyo, elfu moja na moja, elfu moja na mbili, endelea mpaka dakika tano na masikio yako wazi, kwasababu mwanga unafika papo hapo ila mshindo unakuja kwa miguu, sauti inachukua kama sekunde tatu kumaliza kilomita moja. Ukisikia mngurumo kama wa radi ya mbali au mzinga baada ya dakika mbili, kimondo kilikuwa kama kilomita 40 kutoka kwako. Na kusikia mshindo ni habari kubwa, maana yake kilishuka chini sana na uwezekano wa mawe kufika ardhini unakuwa mkubwa. Usiposikia kitu nayo ni habari, andika "sikusikia kitu". Wapo pia wanaosikia kama kitu kinakaangwa, tsssss, wakati uleule kimondo kinapita. Wasiwe na aibu ya kusema, hilo limeripotiwa nchi nyingi, liandike peke yake usilichanganye na mshindo.

Kama mwanga ulikuwa mkali kiasi usiku umekuwa mchana, kuwa mbali na madirisha ya vioo mpaka hizo dakika tano ziishe. Tarehe 15 Februari 2013 kule Chelyabinsk, Urusi, mwamba wa upana wa mita 20 hivi ulilipuka angani asubuhi, watu wakasogea madirishani kuangalia ule moshi, alafu mshindo ukafika na vioo vikawapasukia usoni. Watu kama 1,500 walitafuta matibabu na wengi wao ni vioo hivyo hivyo. Mwanga uliwaita, sauti ikawakuta wamesimama pabaya.

Ukimaliza kuhesabu, sasa ndo toa simu. Kwanza angalia saa, andika. Pili piga picha ya moshi kama umebaki, kwasababu vimondo vikubwa vinaacha mstari ambao unaweza kukaa dakika kadhaa na upepo wa huko juu unaukunjakunja kama mshipi wa kuvulia, ila picha yako iwe na kitu cha chini ndani yake, paa, mnazi, nguzo ya umeme, picha ya moshi peke yake haimsaidii mtu. Tatu dondosha lokesheni yako hapo hapo ulipo. Nne rekodi voisi ueleze kila kitu kabla hujaongea na mtu mwingine yeyote, rangi, mwanga ulikuwa kama wa mwezi mzima au nusu, kilipasuka au hakikupasuka, sekunde ngapi. Hili la kabla hujaongea na mtu nalisisitiza, kwasababu ukishamsikiliza mwenzako mwenye sauti kubwa aliyesema kilikuwa chekundu, na wewe kesho utakuwa unakumbuka chekundu.

Kuhusu saa kuna mtego wetu sisi Waswahili. Fomu za kuripoti vimondo zinatumia saa za dunia (UTC), na saa zetu ziko mbele masaa matatu. Ukiona kimondo saa 2:47 usiku, hiyo kwa saa ya simu ni 20:47, na kwa saa za dunia ni 17:47. Hapo rahisi. Ila ukikiona saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa simu ni 02:00, kwa dunia ni 23:00 na bado ni Ijumaa, tarehe inarudi nyuma. Fomu nyingine zinakuruhusu kuchagua saa za Dar es Salaam na zinageuza zenyewe, hizo ndo nzuri, ila hakikisha hujaandika 2 ukimaanisha usiku wa saa mbili.

Kipimo cha juu angani unacho mkononi. Nyoosha mkono wako wote mbele, kunja ngumi, upana wa ile ngumi ni kama digrii 10. Kidole kidogo ni digrii 1. Shubiri, yani gumba mpaka kidole kidogo ukiwa umetanua, ni kama digrii 20. Kutoka usawa wa bahari, yani pale anga inapokutana na maji, mpaka utosini ni 90, kwahiyo ngumi tisa. Mtoto mkono wake mfupi na ngumi yake ndogo, inakaribia kuwa sawa, kwahiyo watoto nao wanapima vizuri tu. Kwa upande wa dira tumia simu ila sogea mbali na pikipiki, mabati na nondo, maana chuma kinaidanganya dira, na kabla ya kusoma izungushe simu hewani kama unachora nane.

Sasa nirudi kwenye kile changu, maana hapa ndo nilijifunza zaidi. Kesho yake vijana walishaanza kuingia mikoroshoni upande wa Naumbu kutafuta jiwe kwasababu mtu mmoja "aliona kimeanguka pale". Mimi nikaenda kwa bibi mmoja anayeuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kula, pembeni ya barabara, nikijua yeye hukaa amegeukia baharini. Nikamwamkia, nikakaa, nikanunua ming'oko, ndo nikamuuliza. Usimuulize mtu mzima "kilikuwa digrii ngapi bibi," ataona unamdharau au atakutajia namba ya kukuridhisha tu. Mimi nilimwambia bibi kaa vilevile ulivyokaa jana, alafu nioneshe. Akavuta kigoda chake akakisogeza kidogo kushoto, akasema hapana, taa ilikuwa huku, akahamisha na taa. Akashika kile kisu chake cha kumenyea, akanyoosha mkono. "Kimetoka pale penye tawi lililokatika, mjukuu wangu, kikashuka hivi, kikafia pale juu ya bati la yule." Kisu hakikutetemeka. Nikasimama nyuma ya bega lake nikasoma dira kwa kufuata kisu: mwanzo digrii 35 kutoka kaskazini, mwisho digrii 60, yani kaskazini mashariki, upande wa bahari. Nikapima urefu wa pale kilipofia, ngumi tatu.

Alafu nikamuuliza kama alisikia mshindo. Akasema alishtuka na ule mwanga akapiga sinia na goti, ming'oko ikamwagika yote, akaanza kuokota, na alipokuwa ameshaokota yote amekaa tena ndo akasikia kama baruti mbali. Nikamwomba radhi, nikamwaga ming'oko niliyonunua kwenye mkeka kama ilivyomwagika jana, akaokota mmoja mmoja anapangusa, mimi nashika saa. Karibu dakika tatu, sekunde 170. Gawa kwa tatu, ni kilomita 57 hivi. Kutoka kwenye sinia la ming'oko!

Hicho ni kipimo cha mtu mmoja, na mtu mmoja anakupa upande tu, hakupi mahali. Unahitaji mtu wa pili aliye mbali na wewe, kilomita 50 au 100, sio jirani yako. Mtu wa Mtwara mjini na mtu wa Masasi, au Kilwa na Lindi, au Newala na Nachingwea. Kila mmoja anachora mstari wake kwenye ramani, pale mistari inapokatana ndipo kimondo kilikuwa juu yake. Mimi shemeji yangu yupo Lindi mjini na alikuwa kibarazani ule usiku, nikampigia arudi asimame palepale aoneshe kilipozimikia, akasoma digrii 95. Nikachora. Na kile kivuli changu pia nikakitumia, nilisimama tena pale kwa shangazi nikakumbuka kivuli kilifika wapi ukutani kabla sijakimbia, nikapiga alama ya mkaa, nikasoma digrii 230. Kivuli kinaangukia kinyume cha mwanga, kwahiyo toa 180 unapata 50, katikati ya alama mbili za bibi. Na saa tuliipata kwenye simu za watu, ujumbe wa kwanza kabisa wa "mmeona hiyo???" ulikuwa na saa yake.

Kwa sababu hiyohiyo kimbilia kamera za ulinzi asubuhi na mapema, za maduka, za sheli, za nyumba za wageni. Ongea na mwenye nayo kwa heshima, mwambie sababu, muombe aihifadhi hiyo dakika, kwasababu nyingi zinajifuta zenyewe baada ya siku chache. Hata kama kamera inaangalia chini kwenye maegesho, vivuli vinavyotembea vinatosha kusema mwanga ulitoka wapi na saa ngapi kamili.

Ile "kimeanguka pale nyuma" sio uongo wa mtu, ni jicho linavyodanganywa. Kitu chenye mwanga mkali kikishuka nyuma ya mti unahisi kiko nyuma ya mti. Ila kumbuka zile namba, kimondo kilicho kilomita 80 juu ukikiona ngumi moja tu kutoka usawa wa bahari, kiko karibu kilomita 400 kutoka kwako. Ukiwa Mtwara ukakiona hivyo upande wa kusini, kimeshavuka Ruvuma na kimepita hata Pemba ya Msumbiji. Na kikishuka chini sana huwa kinazimika, mawe yanamalizia safari gizani bila kuonekana. Kwahiyo ukiona moto unagusa ardhi, hicho sio kimondo, ni kitu kingine.

Kinachochanganya siku hizi ni mabaki ya roketi na setilaiti. Hayo yanakwenda taratibu, nusu dakika mpaka dakika nzima na zaidi, yanavunjika vipande vingi vinafuatana. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo kama 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya, na shirika lao la anga likasema ni kipande cha roketi. Ukikuta chuma cha namna hiyo shambani, usiguse, weka watoto mbali, mwite mwenyekiti wa kijiji na polisi, vingine vinakuwa na mabaki ya mafuta yenye sumu.

Jiwe la kimondo lenyewe likoje? Lililoanguka karibuni lina ganda jembamba jeusi kama limepakwa masizi, ndani mara nyingi ni la kijivu, ni zito kuliko unavyotegemea, kona zimelainika na wakati mwingine lina mabonyeo kama mtu kabonyeza udongo kwa gumba. Halina matundu ya povu, yale yenye matundu mengi ni mabaki ya tanuri la chuma. Na haliwashi moto, likifika chini limeshapoa. Ukiliona lipige picha kabla hujaligusa, weka kibiriti pembeni kuonesha ukubwa, lokesheni, alafu lichukue kwa mfuko msafi mkavu. Usilioshe. Na usilisugue na sumaku ya spika, jiwe linabeba usumaku wake wa zamani na sumaku yako inaufuta. Hapa kwetu Tanzania kuna jiwe linaitwa Ivuna, lilianguka tarehe 16 Desemba 1938 upande wa Songwe ya leo, gramu 705 tu ndo zilizookolewa, ni la aina adimu sana duniani, laini, likikaa kwenye maji linamomonyoka linakuwa tope. Fikiria Desemba ni mvua. Wangechelewa wiki mbili lisingekuwepo. Sio kila kimondo ni kama kile cha Mbozi, tani 16 za chuma, kinakaa miaka na miaka watu wanapanda juu kupiga picha. Kipande unaweza kukipeleka kwa wataalamu wa jiolojia, GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania) wako Dodoma, na mtu akija na stori za mabilioni anataka umpe jiwe leo usiku, mkatalie.

Wengine wanaogopa kupigwa. Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992 mawe yalinyesha mchana na kimoja kidogo kikampata kijana kichwani, ila kilikuwa cha gramu chache na kilishagonga jani la mgomba kwanza, hakikumdhuru. Na swali la "ndo kama lile lililoua mjusi wa Tendaguru?", yani yule dinosaria aliyechimbwa Lindi, naulizwa sana na watu wa huko, jibu ni hapana, mijusi yetu ya Tendaguru ni ya miaka milioni 150 iliyopita, ule mwamba ulioua mijusi mikubwa ya mwisho ni miaka milioni 66, wa kwetu walishakufa zamani.

Ripoti ipeleke International Meteor Organization au American Meteor Society, fomu zao zipo mtandaoni bure na ni vilevile nilivyoeleza, ulikuwa wapi, saa ngapi, mwanzo, mwisho, ngumi ngapi, sekunde ngapi, mshindo. Jaza siku hiyohiyo. Kama unataka kukesha kuvisubiri, nenda sehemu yenye giza kama Msimbati au ng'ambo ya Msangamkuu, siku ambazo vimondo huwa vingi kila mwaka: alfajiri ya tarehe 5 na 6 Mei mvua zikiwa zimepungua, huku kusini tunaviona vizuri kuliko Ulaya, au usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba kama mawingu yataruhusu. Oktoba na Novemba, msimu wa korosho, kuna vile vya taratibu vinavyong'aa sana, walinzi wa maghala wawe macho.

Mstari wa bibi na mstari wa shemeji vilikatana baharini, kilomita kama 50 kutoka ufukwe wa Mikindani. Nilienda na simu mpaka mikoroshoni nikawaonesha vijana ile ramani, walikuwa wameshapekua tangu asubuhi, mmoja ana kiroba kimejaa mawe mekundu ya kawaida. Tukamwaga yale mawe tukarudi wote, na bibi akataka kujua tumepata nini. Nikamwambia limeingia baharini, bibi, kule kisu chako kilikoonesha. Akasema alijua, maana baruti ile ilikuwa na sauti ya maji.